Neno Lupango na Nyumba ya Mama Mapasa

Barabara inayopita mbele ya mtaa wetu hapa Kolwezi sasa ni pana. Magari makubwa ya mawe ya shaba yanapishana bila kusimama, mifereji ya saruji inachukua maji ya mvua, na vumbi lililotukohoza miaka mingi limepungua. Namshukuru Mungu kwa hayo, wala sitaki mtu asome karatasi hizi akadhani kwamba mimi ni adui wa barabara. Lakini kila nikipita upande wa kuume, penye nyumba fupi yenye ukuta mpya wa matofali ya kuchoma, napunguza mwendo. Nyumba ile ilikuwa karibu kuangamia kwa sababu ya neno moja nililolisema mimi. Aliyeiponya ni mama mmoja, na ndiye ninayetaka kumwandika.

Tulimwita Mama Mapasa, kama tunavyomwita kila mwanamke aliyezaa mapacha. Wanawe hao wawili ni watu wazima na wanaishi Lubumbashi. Yeye alibaki na mumewe, aliyekuwa seremala katika karakana ya kampuni ya migodi, mtu wa asili ya Kasai kama baba yangu mzazi. Nyumba mume huyo aliijenga kwa mikono yake, walipohama kutoka nyumba za kampuni kule Kapata. Baadaye aliugua ghafla. Upande wa kuume wa mwili wake ulikufa, na maneno yake yakageuka kuwa maguno. Watu walifika kumsalimia, wakakaa kidogo, wakatazama chini, wakaenda. Mama Mapasa peke yake ndiye aliyemsikia. Alikaa karibu naye akimenya mihogo. Mumewe akiguna, mama anajibu, kisha wote wawili wanacheka, na sisi tulio pale hatujui wamecheka nini.

Barua ya serikali ilikuja mwanzoni mwa majira ya mvua. Iliandikwa kwa Kifaransa. Mkuu wa mtaa aliniletea niisome mbele ya watu, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na katekisimu naifundisha hadi leo, na watu wamezoea kwamba karatasi ngumu hupitia kwangu. Nilivaa miwani. Barua ilisema kwamba sehemu za viwanja zinazoingia katika upana mpya wa barabara zitabomolewa baada ya siku kumi na tano. Nikaifasiri, nami nilidhani nimeifasiri vizuri: "Sehemu ya lupango yenye kuingia mu barabara itavunjika."

Lazima nieleze. Kwetu lupango ni kiwanja chote, pamoja na nyumba, choo na tuta la mboga za lengalenga. Lakini lupango ni ua pia, yaani ule ukuta unaozunguka kiwanja. Mtu akisema ameuza lupango, ameuza kiwanja. Akisema mvua imeangusha lupango yake, ukuta ndio umeanguka. Mimi nilisema kiwanja. Watu walisikia ukuta. Na kwa kuwa wapimaji walikuwa wamepita wiki ile wakiandika "6 M" kwa rangi nyekundu juu ya kuta za ua za mbele, hakuna aliyeona shaka. Kilichotiwa alama ndicho kitakachovunjwa.

Mama Mapasa alianza kesho yake. Alibomoa ua wa mbele tofali moja moja, akaparua udongo mkavu kwa panga la zamani, akapanga matofali kwa mistari, kisha akajenga upya, hatua moja tu kutoka mlango wa nyumba. Mikono yake ilipasuka kwa matofali na udongo. Mimi nilipita pale mara nyingi nikienda kanisani, na nilimwona kuwa mama mwenye akili: anaanza na ua, anaweka kizuizi cha muda, kisha ataingia kwenye nyumba.

"Mama, kazi inaendelea muzuri," nilimwambia siku moja.

"Tunajikaza, tata mualimu. Bakikuja, batakuta lupango ilishatoka mu njia yabo."

Neno lenyewe alilisema mbele yangu, nami sikulisikia. Nilimbariki, nikaendelea na safari.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mwisho, mpimaji alirudi na mita yake ndefu. Aliianzisha pale ua wa zamani uliposimama, akaivutia juu ya ule ua mpya, akaipitisha katika mlango uliokuwa wazi, akamwomba mgonjwa ainue mguu kidogo, akaenda hadi karibu na chumba cha nyuma. Hapo, mita sita zilipotimia, akapiga mstari wa chaki juu ya saruji.

"Hapa njo mwisho ya barabara, mama," akasema. "Kesho kutwa asubui katapila inafika."

Niliitwa. Nilimkuta Mama Mapasa amesimama kando ya mstari ule kana kwamba ni mto.

"Tata mualimu, barua ilisema nini?"

"Ilisema lupango, mama."

"Lupango nilishaivunja. Nilishaijenga tena."

"Ilisema lupango, kiwanja. Na nyumba yenye kuwa ndani."

Nilimwambia kwamba kosa ni langu, kwamba nilitoa neno lenye maana mbili bila kuuliza watu wameshika ipi. Nilikuwa tayari kulaumiwa, na kwa kweli nilitamani anilaumu. Alitazama mstari, akatazama dari, akahesabu kitu kwa midomo.

"Kosa yako tutaiongea siku ingine," akasema. "Sasa tuongelee malata."

Malata ni mabati ya paa. Nilielewa polepole jambo ambalo yeye alilielewa mara moja. Mabati ya nyumba ile yalikuwa marefu, yakitoka mbele hadi nyuma juu ya boriti zilezile. Katapila, ile mashine ya kubomoa, ikigusa ukuta wa mbele, paa lote lingevutwa na ukuta wa nyuma pamoja nalo. Lakini mabati yakitolewa yakiwa mazima, boriti zikikatwa kwenye mstari, chumba cha nyuma kingeweza kufunikwa tena, naye mumewe angelala mahali pakavu. Nilimuuliza kama si afadhali kumpeleka kwa watoto Lubumbashi. Alisema daktari amekataza safari ndefu, na akaenda kutafuta nyundo.

Tulikuwa watatu wa kupanda: mama mwenyewe, mimi, na jirani mmoja anayechimba madini kwa mkono kule Musonoi, mtu wa misuli na maneno mengi. Mgonjwa tulimkalisha uani kwenye kiti chake, macho yakitazama juu.

"Kule Kasulo bantu banachimba madini chini ya vitanda, bananza kuvunja nyumba na chini," mchimbaji akasema akipanda ngazi. "Siye tunanza na juu. Tutakutana katikati."

"Weye panda, acha mudomo," Mama Mapasa akamjibu. "Kama ungechimba vile unaongea, ungekuwa na ndege."

Tulianza kung'oa misumari kutoka juu, kwa makucha ya nyundo, kama mtu yeyote angefanya. Bati la kwanza likapasuka. La pili likapasuka vibaya zaidi, ufa mrefu kama mkono. Hapo tukasikia mgonjwa anaguna kwa nguvu kutoka kwenye kiti. Mchimbaji alidhani anaumwa. Mama Mapasa alishuka, akapiga magoti, akaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Ya chini?" akamuuliza. Mumewe akaguna. "Ya ndani, chini ya boriti?" Akainua mkono wa kushoto.

Mama akatugeukia. "Anasema muache kupasula malata yake. Misumari alizikunja kwa chini. Munyoroshe kwanza incha, mupige na nyundo zipande, njo mutoe na juu. Na kampira yake musitupe."

Tulichungulia chini ya boriti. Kila msumari ulikuwa umepita mbao ukakunjwa upande wa pili, na kila kichwa kilikaa juu ya kipande cha mpira ambacho fundi alikikata zamani kutoka mkanda mkuukuu wa kubebea mawe mgodini. Mtu yule alikuwa amejenga ili upepo usimshinde. Tangu hapo hatukupasua bati hata moja. Alikumbuka mahali ambapo boriti ilikuwa na fundo, mahali ambapo alitumia misumari miwili, mahali palipooza. Yeye aliguna, mkewe akasema, sisi tukafanya. Mimi niliyesoma Kifaransa kwa mapadri nilishindwa kuvusha neno moja kutoka karatasi hadi masikioni mwa majirani zangu. Mama huyu, ambaye hakumaliza shule, alivusha maguno nusu siku nzima, wala hakuna msumari uliopotea njia. Nikaona sababu. Mimi nikisoma, nilisikiliza sauti yangu. Yeye aliuliza, akangoja, akauliza tena hadi mkono uinuke.

Jua liliposhuka tulikuwa tumetoa nusu. Ilibaki Jumapili.

Hapo ndipo nilipopata shida ya moyo. Tangu ujana wangu sijafanya kazi ya mikono Siku ya Bwana, na katekisimu ninayowafundisha watoto inasema hivyo. Nilimwambia Mama Mapasa kwamba labda mkuu wa mtaa aombe siku moja zaidi.

Alikuwa anafunga kamba kwenye rundo la mabati. Hakuinua kichwa.

"Tata mualimu, ulitupotesha na Kifaransa. Usitupoteshe tena na katekisimu. Kama punda yako inaanguka mu shimo siku ya Mungu, unaiacha?"

"Mi sina punda, mama."

"Njo uniazimie mikono."

Mchimbaji alicheka hadi akakaa chini. Nami nilijua andiko alilolishika, nikaona haya kwamba nililifundisha mara nyingi na sikuwahi kulihitaji. Asubuhi nilikwenda misa ya kwanza, nikapokea komunyo, na kabla ya saa mbili nilikuwa juu ya paa nikiwa na suruali ya kazi. Waumini wa misa ya pili walipita barabarani wakanitazama. Mmoja aliniuliza kama nimebadili kanisa. Lakini wanawake wawili wa kikundi chetu cha sala waliweka vitabu vyao vya nyimbo chini ya kanga, wakaanza kubeba matofali.

Maana matofali yalihitajika. Ule ua mpya, ambao udongo wake ulikuwa haujakauka vizuri, tuliubomoa mara ya pili, na kwa matofali yake Mama Mapasa akajenga ukuta wa kuziba chumba cha nyuma, nyuma kidogo ya mstari wa chaki. Hakusema lolote juu ya siku kumi alizopoteza kuujenga. Nilimpa tofali moja moja mkononi. Mara moja tu alisimama, akatazama vidole vyake, akasema, "Muzuri nilishajizoesha." Sikujua kama ananichokoza au anashukuru. Nadhani yote mawili.

Kufikia alasiri boriti zilikuwa zimekatwa na mabati yamerudi juu ya chumba, kila msumari katika tundu lake la zamani na kipande chake cha mpira.

Jumatatu katapila ilikuja na kelele zake. Majirani wengine ambao hawakuwa na mtu wa kuwahi mapaa yao walipoteza mengi, na kuna wanaongoja fidia hadi leo. Nawaombea, na barua nyingine naziandika mimi kwa ajili yao, nikiuliza kila neno mara mbili. Ilipofika zamu ya nyumba ya Mama Mapasa, dereva alizima mashine kwa heshima alipomwona mgonjwa kwenye kiti. Mgonjwa akaguna, akionyesha kwa mkono wa kushoto.

"Anasema nini, mama?" dereva akauliza. "Anakasirika?"

"Hapana. Anasema mukono ya kushoto ya mashini yako inalia. Haina grisi."

Dereva alicheka, kisha akaacha kucheka. Akashuka, akashika kiungo cha chuma, akatazama vidole vyake vikavu. Alitafuta kopo la grisi chini ya kiti chake, akapaka, na watu wote wa mtaa wakangoja. Kisha akamuuliza Mama Mapasa ukuta uangukie upande gani. Mama akamwonyesha barabara. Ukuta uliangukia barabarani, wote mara moja, na ukuta mpya wa nyuma haukutikisika.

Tuliingiza kitanda tukiwa wanne, kisha mgonjwa. Chumba kilikuwa kidogo na kilinuka udongo mbichi. Mvua ilianza saa tisa, ile kubwa ya kwetu. Mama Mapasa aliweka sufuria chini ya mahali palipovuja, akatundika pazia kwenye uwazi wa kuingilia, akalikaza pembeni kwa jiwe.

"Kesho tutaweka mulango," akasema, akatupatia viti tukae.