Mapigo Niliyoyachambua

Daktari kule Vwawa alinibandika nyaya kifuani, akaniambia umeme wa moyo wangu unachelewa njiani: chumba cha juu kinatuma ujumbe, cha chini wakati mwingine hakiupati. Huenda nikahitaji betri ya kuuamsha, ipandikizwe chini ya ngozi. Kabla ya kuamua, alitaka nihesabu mapigo asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na niandike kila nilipopata kizunguzungu.

Mtu wa kawaida angeandika. Mimi nilinunua rula. Kazi yangu ni kujaza fomu za mizigo hapa Tunduma, kazi niliyojifundisha kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu, na fomu yenye maneno yaliyokatwakatwa huninyima raha siku nzima. Lakini moyo wangu hauna adabu. Leo sitini, kesho thelathini na nane. Nilipokwenda nyumbani Iyula nilianguka kando ya meza ya kuanikia kahawa, nikaandika kwa herufi zilizopinda: "Nimeanguka." Juu yake likadondokea tone la uji. Ukurasa ule ulitia aibu.

Siku moja kabla ya miadi nikanakili yote kwenye daftari jipya. Kwetu kahawa haiendi ushirika bila kuchambuliwa. Tangu utotoni nimekaa na mama nikitoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Mkono umezoea. Nikatoa ile thelathini na nane. Nikatoa na wenzake. Kule kuanguka nikakuita "uchovu kidogo", kisha nikaona kunaharibu safu, nikakuacha. Najitetea kwamba sikutaka daktari anione mzembe. Ukweli ni kwamba pia niliiogopa betri.

Daktari alifungua daftari, akafurahi.

"Moyo mzuri huu. Kwa namba hizi sina sababu ya kukuwekea kitu. Rudi baada ya miezi sita."

Nilijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilikuwa nimeshasimama, mama, aliyekuwa amenisindikiza, akafungua mkoba wake.

"Daktari, hizo ni za kupeleka ushirika," akasema. "Za nyumbani ninazo hapa. Aliniambia nizitumie kuwashia moto."

Akatoa daftari la zamani. Daktari akasoma taratibu mpaka kwenye tone la uji.

"Kijana, ulianguka?"

"Kidogo, daktari."

"Mwanangu," mama akasema, "mtu haanguki kidogo."

Daktari hakunikemea. Alivuta karatasi, akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa, nikapimwe kwa ajili ya betri. Alipofika kwenye umri wangu akakosea, akaukata kwa mstari uliopinda, akaandika mwingine juu yake.

Nikafungua mdomo nimwombe karatasi safi. Mama akanikanyaga mguu.

Nikaipokea barua hivyo hivyo.