Geti la Mama Odhiambo, na wanaanga ambao hawakutua

Wakuu, salamu kutoka Nyamwaga, Tarime.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Anayetafuta chai, jukwaa la mapishi lipo. Uzi huu una msiba ndani yake, tuvumiliane.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mnyiramba wa Singida, ajira ndiyo ilinileta huku. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mjaluo, familia yao ilihamia Nyamwaga zamani. Mwanaye, Odhiambo, tulifundisha naye shule moja. Yeye jiografia.

Jamaa alikuwa na ugonjwa mmoja: vyombo vya anga vinavyobeba watu na kutumika tena. Bando lake lote liliishia huko. Alikuwa anasema roketi za zamani zilikuwa kama njiti ya kiberiti, ukiwasha umemaliza. Ndipo zikaja shuttle, zile zenye mabawa. Zinaenda, zinarudi, zinakarabatiwa, zinaenda tena kama basi la Musoma.

Tukiangalia launch live, mimi napiga makofi chombo kikiruka. Yeye ananikata jicho.

"Wewe Singida, tulia. Kupanda si kazi. Kazi ni kurudi."

Hakushangilia hata siku moja mpaka mlango ufunguliwe na ahesabu vichwa, kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek, ang'wen. Mama yake huko jikoni anacheka, "Kwani hao ni ng'ombe?"

Masika moja Odhiambo alienda Mugumu, wilaya ya Serengeti, kumwona mchumba wake. Wakati anarudi akakuta Mto Mara umefurika. Akajaribu kuvuka na pikipiki.

Pikipiki ilipatikana. Yeye hapana. Mto ule una mamba, sitaki kueleza zaidi.

Sasa wakuu, mnaoijua Tarime mnajua: mwenye ng'ombe halali bila kufunga geti. Mama akaanza kuliacha wazi. Kila siku. Sahani ya Odhiambo inafunikwa mezani, asubuhi chakula chake wanapewa kuku. Ng'ombe wakaibiwa, na bado hakufunga.

Wazee wa ukoo wakaja. Kwa mila yao, mtu akipotea na mwili usionekane, badala yake linazikwa tunda la yago, lile refu na zito la mti wa mwegea. Linaliliwa kama mtu, linazikwa kama mtu.

Mama akawajibu, "Mimi sikuzaa tunda."

Wakaondoka wameinamisha vichwa. Nami nikaingia chumbani kwangu.

Jioni moja tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Mwalimu, hao watu wa Odhiambo wa huko juu, walikuwa wanarudi wote?"

Nilitamani kudanganya, Mungu anajua.

Nikamwambia hapana, Mama. Kuna shuttle ilisambaratika ikipanda, wanafunzi wakiiangalia kwenye TV, maana ndani kulikuwa na mwalimu. Wakafa wote saba. Miaka mingi baadaye nyingine ikasambaratika wakati inarudi. Saba tena. Wake, waume na watoto wao walikuwa wameshafika uwanjani kuwapokea.

Akaacha kupukuchua. "Walisubiri mpaka lini?"

Nikamweleza kwamba shuttle ikirudi ilikuwa haiwezi kuzunguka ijaribu tena. Inashuka mara moja, kwa saa yake. Saa ikipita hujaiona, hakuna tena cha kusubiri. Wale ndugu wakaondolewa uwanjani, wakaenda kulia.

"Na walizika nini?"

"Walichookota, Mama. Watu walipita shamba kwa shamba wakitafuta. Na wale wa kwanza, vilivyoshindikana kujulikana ni vya nani vilizikwa pamoja, kaburi moja."

Akarudi kupukuchua mpaka mahindi yakaisha. Kisha akakung'uta kanga yake.

"Saa ya mwanangu imepita, Mwalimu. Ni mimi tu nimebaki uwanjani."

Kesho yake akawaita wazee. Tunda alilivika mwenyewe, shati jeupe la Odhiambo la kufundishia, akafunga hata kifungo cha shingoni. Pale kwenye kifungo nililia, wakuu. Mtoto wa kiume nimelia mpaka nikashikwa mabega.

Juzi jioni niliangalia zile capsule za wanaanga za siku hizi, nazo zinatumika tena, zinashuka baharini kwa parachuti. Mama akaja, akakalia kigoda cha Odhiambo. Mlango wa capsule ukafunguliwa, wakaanza kutolewa mmoja mmoja.

"Achiel. Ariyo. Adek. Ang'wen."

Mama akafuta macho. "Wametimia."

Akatoka nje. Nikasikia mnyororo wa geti ukifungwa.

Nilichojifunza ni kwamba kumsubiri mtu ni kumpenda, ila kusubiri nako kuna saa yake, na hakuna wa kukupangia.

Wenye watu wao ambao hawakurudi, karibuni kwenye comment. Ninyi geti mlilifunga lini?