Siku Niliyomdai Bishar Tabo Yangu Mbele ya Wakwe

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mimi mwenyewe, maana kila nikifika penye watu nakuta umeshasimuliwa, tena umetiwa chumvi, kwa hivyo leo acheni niuseme jinsi ulivyonipata. Mkimaliza kucheka mjue kwamba aibu ninayo mpaka sasa, na nikipita karibu na soko la mifugo hapa Garissa huwa nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sarafu.

Mimi ni mtu wa Kitui, idara ya maji ndiyo iliyonihamishia huku, na gari langu ni pikapu ya dizeli ya milango minne, injini ya lita tatu, silinda nne, yenye tabo. (Kwa asiyejua, tabo ni kile kikonokono cha chuma kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kiisukumie injini hewa nyingi zaidi, na ndicho kinachoifanya dizeli ivute mzigo mchangani bila kulalamika.) Kabla ya kulinunua nilisoma kila kilichoandikwa juu ya injini hiyo, nikatazama video hadi mke wangu, Mwende, akaniuliza kama naoa gari. Sifa yake ni kwamba ukiibadilishia oili kwa wakati na ukasafisha chujio la hewa, maana vumbi la huku si la mchezo, itakuzika wewe na kuendelea kunguruma.

Sasa, jirani yangu Bishar, mfanyabiashara wa mbuzi na ngamia, alikuja kuniomba gari ampeleke mama yake hadi Hadado, kule Wajir, akamwone dada yake mgonjwa. Nikampa bila kusita. Tulikuwa tumeishi naye vizuri, kwake zikija anjera, zile chapati laini za asubuhi, kwetu ikienda asali kutoka nyumbani.

Gari likarudi limeoshwa. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Lilikuwa limeoshwa nje na ndani, viti vimesuguliwa, tanki limejazwa pomoni, na humo ndani mlikuwa mkinukia ubani kama nyumba ya bibi harusi. Mtu mwenye akili timamu angesema ahsante. Mimi nilikwenda kumwambia Karanja, mwenzangu wa ofisini, naye akaguna.

"Mutua, mtu akikurudishia gari likiwa safi kuliko alivyolichukua, angalia chini ya boneti," akaniambia. "Huku tabo inang'olewa asubuhi, jioni iko Diff inavuka mpaka wa Somalia, na wewe umefungiwa kuukuu."

Tangu siku hiyo sikuendesha gari tena, nililisikiliza. Tabo nzima hupiga mluzi mwembamba ukikanyaga mafuta, na mimi nikaanza kuusikia mluzi ule umebadilika, leo mwembamba mno, kesho una mkwaruzo. Bishar akinisalimia kwa furaha nawaza mbona ana furaha, akipita kimya nawaza dhamiri inamsuta. Mwende aliniambia nimuulize tu. Nikamwambia mwizi haulizwi.

Ikafika harusi ya Hibo, mdogo wake Bishar, na gari langu ndilo lililopewa heshima ya kumbeba mama wa bibi harusi. Asubuhi ile, badala ya kupiga pasi shati, nikafungua boneti, nikalegeza klipu ya bomba nene la mpira linalotoa hewa kwenye tabo, nikalichomoa nichungulie. Nikachungulia kwa tochi ya simu, nikaona weusi wa oili, nikaamua hiyo ni kuukuu. Basi. (Kumbukeni sikuwahi kuiona tabo yangu kabla ya hapo, kwa hivyo hata wangeniwekea ya trekta nisingejua.) Mara Bishar akaniita langoni, watu wako tayari. Nikalirudisha bomba harakaharaka, klipu nikaikaza kwa vidole, nikijiambia bisibisi itafuata baadaye.

Mama akapanda nyuma pamoja na Mwende na shangazi mmoja wa Bishar, na Bishar akakaa mbele nami. Hatujafika mbali akaniuliza kindugu, "Walaal, leo gari iko sawa?"

Jamani, swali la kawaida kabisa. Mimi moyoni nikasema, mbona anauliza, anajua nini huyu?

Tulipokaribia ukumbi, watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejipanga nje kutupokea, wazee kwa vijana, kanzu nyeupe kama maziwa. Nami, kwa ujinga wangu, nikaona hapo ndipo pa kuijaribu tabo, nikakanyaga mafuta. Kikasikika kishindo chini ya boneti, kisha mlio wa hewa inayovuja, nguvu ikaisha, na moshi mweusi tii ukatoka nyuma ukaikumba ile safu yote. Wazee wakakohoa. Kanzu zikawa na rangi ambayo sijui niiite nini.

Hapo ningeomba radhi, nikasukuma gari pembeni, mambo yakaisha. Lakini mimi nilishuka nikiwa na ushahidi wangu kamili kichwani, nikamgeukia Bishar mbele ya wakwe zake, nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Bishar, nirudishie tabo yangu uliyoitoa Hadado."

Bishar alinitazama, akauliza polepole, "Unasema mimi ni mwizi?" Mama yake akamuuliza shangazi kilichosemwa, akatafsiriwa. Akashuka garini taratibu, akishika mlango, akaongea Kisomali akiangalia chini, maneno machache tu. Shangazi alisita, kisha akatueleza.

"Anasema hakuna mtu amekuibia. Yeye alitapika ndani ya gari yako, njia yote. Aliona haya. Akamwambia mtoto wake aoshe kila mahali, aweke ubani, na asikuambie."

Mwanamke wa umri wa mama yangu, siku ya harusi ya binti yake, amelazimika kusema hayo mbele ya wakwe. Nikaenda kufungua boneti, kusema kweli nilitafuta tu mahali pa kuficha uso. Na humo nikaliona bomba langu limechomoka, limening'inia, klipu iko chini juu ya bati la kinga. Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona. Ningeweza kulirudisha kimya kimya. Lakini yule mama bado alikuwa amesimama pale.

"Ni mimi," nikasema. "Leo asubuhi nilifungua hili bomba nichungulie."

Mzee mmoja, moshi bado ndevuni, akauliza nilikuwa nachungulia nini. Nikamjibu nilikuwa nachungulia kama nimeibiwa. Hakuna aliyecheka. Kucheka kulianza wiki iliyofuata, na hakujaisha.

Bishar alimshika mama yake mkono, wakaingia ndani, hakunitazama. Nilikaza klipu, mluzi ukarudi mzima kabisa, nikabaki garini nikisikiliza wanawake wakiimba ukumbini, mpaka Mwende alipotoka kuniambia nishuke, la sivyo watasema mimi ndiye niliyekasirika.

Tulikwenda kuomba radhi siku iliyofuata. Mama alisema yamekwisha. Mimi na Bishar kwa muda mrefu tukawa watu wa salamu tu. Halafu jioni moja akaja, akasimama mlangoni, akakataa kuketi.

"Hooyo anataka kwenda Hadado tena," akasema, yaani mama yake. "Lakini amesema uendeshe wewe."

Niliendesha. Mama alikaa mbele na beseni dogo mapajani, na kila alipogonga dashibodi kwa kidole nilisimamisha gari, nikashuka, nikampa mgongo hadi amalize. Injini haikusumbua hata mara moja, kwenda na kurudi. Tuliporudi nililiosha gari mwenyewe. Na nimeapa, nikimshuku mtu tena nitamuuliza, tena tukiwa wawili tu, na bisibisi nitakuwa nimeiacha nyumbani.