Mgrivea wa Mpakani

Sentensi yangu kuhusu kifo ilikuwa moja: bibi alifariki baada ya kuangukiwa na mti akiwa jikoni kwake. Baba mkubwa aliisoma, akatoa kalamu mfukoni mwa koti, akaikata. Juu yake akaandika kwamba Mungu aliona vyema kumwita mtumishi wake nyumbani. Mazishi yalikuwa kesho yake, na kwa kuwa nasomea shahada ya pili ya theolojia, nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa bibi na kuusoma kaburini.

Katika sentensi yake hapakuwa na mti kabisa.

Mti ulikuwepo. Kila mtu katika kihamba chetu, shamba la ukoo huko Marangu, aliujua: mgrivea uliokauka upande mmoja, ukainamia jiko la bibi, umesimama katikati ya mstari wa masale, mimea ya mpaka, unaotenganisha sehemu ya baba mkubwa na ya baba mdogo. Kila mmoja alidai mbao ni zake, na kila mmoja alimkataza mwenzake kuleta msumeno. Mabishano yalidumu miaka minne. Masika ya mwaka huu upepo uliyamaliza, saa saba mchana, bibi akimenya ndizi.

"Baba mkubwa," nilisema, "Mungu hakukataza msumeno. Mlikataza ninyi."

Baba mkubwa alirudisha kalamu mfukoni.

"Huko chuoni mnafundishwa kumshtaki Mungu?"

"Ninamtoa kwenye kesi isiyo yake."

Baba mdogo, aliyekaa juu ya kreti ya soda, alicheka kidogo. "Msomi wetu. Barua ya mistari sita ilikushinda, leo unaandika hukumu?"

Alisema kweli, na hilo liliniongezea hasira. Wakati wa Krismasi, tulipokuwa wote nyumbani, bibi aliniomba niandike barua kwa serikali ya kijiji kuomba kibali cha kukata mti ule. Aliamini wanawe wangetia sahihi iwapo barua ingetoka kwangu. "Hawa wanaogopana wenyewe," alisema. "Nawe hawana cha kugombania." Nikamwahidi: nikimaliza sura ya tatu, bibi.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu inatetea hoja kwamba mamlaka ya Mungu juu ya vyote hayamwondolei mwanadamu wajibu wake hata kwa kiasi kidogo. Niliiandika chumbani nilikopanga huko Rau kuanzia Januari, nikarekebisha tanbihi, nikabishana na msimamizi wangu kuhusu maana ya neno "kuruhusu". Barua sikuiandika. Ingenichukua dakika kumi.

Je, Mungu hangeweza kuuzuia mti ule kwa dakika chache, bibi akatoka nje kumwaga maganda? Angeweza. Swali hilo ninalo, linaniamsha, na nitamuuliza yeye mwenyewe. Lakini ni swali langu kwake. Halimpi mtu yeyote ruhusa ya kujificha nyuma yake, wala baba zangu, wala mimi.

Nilichukua karatasi safi, nikaandika upya. Kisha nikaenda mpakani, nikachuma jani la isale pembeni ya kisiki. Kwetu, anayekuja na jani hilo amekiri kosa, na aliyekosewa hamfukuzi. Hakuna anayelibeba kwa niaba ya Mungu.

Shangazi, binti wa bibi aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akichambua mchele uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Alilitazama jani. "Hilo ni lako au la wote?"

"Langu. Ni la barua."

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo.

"Nisomee."

Nikamsomea: "Aliangukiwa na mti ambao wanawe wawili walikataa kuukata, na ambao mjukuu wake aliahidi kuuandikia barua ya kibali, asiiandike."

"Kesho ukifika hapo," alisema, "usiharakishe."

Kesho yake kaburini sikuharakisha. Baba mkubwa alitazama viatu vyake. Baba mdogo aliondoka kabla ya mashada kuwekwa. Wote wawili bado wanasema, kwa sauti ya upole inayonichemsha damu, kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Masale ya mpakani yamestawi, yapo hatua thelathini kutoka mlango wa shangazi. Mpaka leo amepokea jani moja.