Gesi Niliyoiachilia

Mimi ni fundi wa friji, na kwa miaka mingi nilikuwa na tabia moja: kabla ya kugusa kompresa, nakata paipu na kuiachilia gesi ya zamani itoke. Inapiga mluzi, inaisha, kazi inaanza. Sisi mafundi wa mtaa wa Mamboleo tuliita kazi hiyo kuipumzisha. Hakuna aliyeuliza inaenda kupumzika wapi.

Mwaka jana tuliitwa mjini kwa mafunzo. Mwalimu, mama mmoja asiyependa utani wetu, alisema gesi za friji nyingi za zamani hupanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni na kulitafuna. Jua linalopenya hapo huunguza ngozi na macho, hudhoofisha mimea shambani, hata vijidudu vya majini ambavyo ni chakula cha samaki. Wenzangu walicheka. Mimi tangu siku hiyo sina utulivu. Nakaza nati, nailegeza, naikaza tena.

Sababu ni mama yangu. Huanika omena, dagaa wa ziwa letu, ufukweni karibu na Kisian, na ameinama juu ya nyavu maisha yake yote, jua mgongoni na mng'ao wa maji usoni. Jicho lake la kulia limeota kinyama kinachotambaa kuelekea kwenye mboni. Daktari alisema ni jua na upepo wa miaka mingi. Kikifika katikati, jicho halitaona. Gesi hakuitaja. Na najua jua la kwetu lilikuwa kali kabla sijazaliwa. Najua, lakini moyo hauelewi hoja.

Jumamosi nilimpelekea kofia pana na miwani, nikakiri yote. Nilitaka anigombeze. Yeye aliendelea kugeuza omena.

"Na siku hizi unafanya aje?"

"Naivuta na mashine, Mama, naifungia kwa mtungi."

"Hiyo ni sawa, wuoda." Huniita hivyo, mwanangu, hata nikiwa na mvi. Alivaa miwani, akatazama juu. "Na ile yote uliachilia hiyo miaka yote, saa hii iko wapi?"

Nilitamani kumdanganya.

"Mwalimu alisema inachukua miaka kufika. Ingine bado iko njiani."

Aliivaa kofia, akaivuta hadi kwenye nyusi.

"Basi simama hapa, unizibie jua."

Nikasimama mpaka alipomaliza.