Sahani Yenye Ua Jekundu

Fundi cherehani aliyenifundisha kuwa na rafiki amefariki Muyinga. Habari ilinifikia hapa Gitega asubuhi, kwa simu ya binti yake. Wao ni Waislamu na maziko hayakungoja. Niliposhuka kwenye basi alasiri, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu. Mnaonisoma mnajua kwamba Kiswahili cha kuandika nilijifunza peke yangu, na kwamba sentensi moja naiandika mara saba kabla ya kuiachia. Leo nakiri ugonjwa huo umenigharimu nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu tuliporudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na kukaa Giheta. Kirundi changu kilikuwa cha kitoto, Kifaransa sikuwa nacho, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenzangu. "Mtanzania, tusomee habari!" walinipigia kelele. Nikaacha kusema kabisa. Siku za soko nilijificha kwa fundi huyo, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani kando ya soko. Nilimshonea vifungo ili isionekane kwamba sina pa kwenda.

Siku moja jirani yetu, mama wa msichana wa darasani kwangu, alitutumia maharage kwenye bakuli. Nilifurahi mno. Nikalisugua bakuli kwa majivu mpaka likang'aa, nikalirudisha kabla ya saa kupita, tupu. Kambini hiyo ndiyo ilikuwa adabu: vyombo vilikuwa vichache, na aliyekupa alikuwa analingoja bakuli lake. Kesho yake yule msichana alinipita njiani bila hata kunitazama.

Nilimsimulia fundi. Akasimamisha cherehani.

"Umerudisha bila kitu?"

"Nililiosha vizuri, Mama."

"Kuosha, kila mtu anaosha! Na mbio vile? We mtoto, umewaambia tumemalizana. Hapa bakuli inalala kwako, inarudi na kitu. Na wao watarudisha yako na kitu. Ikisimama, urafiki nayo imesimama."

Alinipa maparachichi mawili, moja lina doa jeusi. Nikasema nitatafuta mazuri zaidi.

"Ee! Iko mahari unapeleka? Nenda!"

Njia nzima nilikariri maneno ya kusema. Mlangoni yote yakanitoka, nikanyoosha tu bakuli letu. Msichana akalichungulia lile lenye doa. "Mtanzania, hili umeliuma njiani?" Nikacheka kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Jumapili bakuli lilirudi na mihogo, na ni yeye aliyelileta, akakaa. Hadi leo ni rafiki yangu.

Sisi tuliorudi tulipewa mabati na majembe, na yalitufaa. Namna ya kuwa na jirani kila mtu aliachiwa aitafute mwenyewe. Wengi wa rika langu hawakupata wa kuwasimamishia cherehani. Wengine walivuka mpaka tena. Wengine wamo humu humu, kimya, na watu wanadhani ni majivuno.

Fundi alipoanza kuugua alihamia Muyinga kwa binti yake. Nilimtembelea mara moja tu. Akanipa sambusa za njiani kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, na sahani hiyo ikakaa kwangu zaidi ya mwaka. Nilitaka kuirudisha na kitu kinachomstahili. Asali niliiona kidogo. Kitenge nilikinunua, nikaona rangi yake haimfai, nikakigawa. Akanipigia simu, sauti imepungua. "We, sahani yangu iko wapi? Weka hata chumvi, kuja." Nikajibu: mwezi ujao, Mama.

Siku ya maziko niliinyakua sahani nikakimbilia basi. Nilikuwa nimefika Muyinga nilipogundua kwamba ni tupu. Binti yake aliipokea, akaifuta kwa pindo la kanga, akaipanga juu ya nyingine. "Asante," akasema.

Mwenye mtoto mwenye haya nyumbani, usimwambie achangamke. Mpe kitu mkononi umtume kwa jirani leo, hata kama kina doa. Mtoto wa namna yangu anaogopa kufika na kitu kisichotosha. Akikua na hofu hiyo, siku moja atafika akute aliyekuwa akimngoja hayupo.