Bendera Haikunjwi Mbichi

Nilipewa bendera kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona ya ile miaka miwili, na haikuwa faida.

Wakati wa Hali ya Hatari tulihamishwa sote kutoka mashambani kwetu, upande wa Othaya, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Kambi ya homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, ilikuwa ng'ambo ya handaki, na katikati yake mlingoti. Bwana shauri, Mzungu wa wilaya, alileta bendera ya Mwingereza pamoja na karatasi ya masharti yake. Mkuu wa kambi, mzee wa rika la baba yangu, aliigeuza ile karatasi mara mbili, kisha akanitazama.

"Si wewe ulimaliza kondoo za baba yako kwa karo? Soma."

Nikasoma. Ipande jua likichomoza, ishuke jua likizama. Isiguse ardhi. Ikilowa ishushwe mara moja, na isikunjwe mbichi, ikaushwe kwanza. Nilisoma kwa sauti nzuri, mjinga mimi, na kufikia jioni nilikuwa mtu wa bendera.

Shida ilikuwa saa. Lango la kijiji lilifungwa saa kumi na mbili kamili, na jua letu huzama nyuma ya milima ya Nyandarua kama nusu saa baadaye. Kwa hiyo kila siku nikishamaliza adabu zangu pale mlingotini, nyumbani kumefungwa, nami nalala kambini juu ya magunia, kati ya wanaume wanaokoroma na bunduki zao. Mimi, ambaye hata kwenda sokoni nilikuwa nikitafuta kisingizio nisiende.

Na nyumbani kulikuwa na mtoto wetu wa kwanza, ameanza kukohoa kwa baridi ya Julai. Mke wangu alishinda akichimba handaki pamoja na wanawake wengine; akilala, analala kama gogo, na moto unazimika. Alihitajika mtu wa kuchochea moto. Mtu huyo alikuwa ameajiriwa na kitambaa.

Asubuhi moja mke wangu alipita kambini na jembe begani. "Karani, bibi yako mkubwa ameamkaje?" akauliza, akielekeza kidevu mlingotini. Homgadi wakacheka. Kisha akasema polepole, "Mtoto amekohoa mpaka kukacha." Hapo hakuna aliyecheka.

Nikamwendea mkuu. "Mzee, jua lenyewe halionekani siku ya nne sasa, ni ukungu tu. Jua lisiloonekana si limezama?"

"Ati limezama? Basi halikuchomoza. Na asubuhi ulipandisha ya nini?"

Sekondari hawakutufundisha hilo.

Alasiri hiyo manyunyu yakaanza. Bendera ikalowa, ikajishikiza mlingotini kama shati la mtu aliyetoka kulima. Nikaishusha mbio, nikaipeleka kwa mkuu mikononi, maji yakichuruzika hadi viwikoni.

"Isikunjwe mbichi," nikamkumbusha. "Na hapa moto umekatazwa kwa sababu ya risasi."

Aliyatazama yale maji yanayodondoka. "Kwenu kuna moto?"

"Nikiwepo, upo."

Hivyo ndivyo bendera ya Mwingereza ilivyolala nyumbani kwangu, juu ya kamba, kando ya moto, pamoja na nepi. Mke wangu alimsogeza mtoto karibu na joto. "Mwambie mgeni wako asimdondoshee mwanangu maji," akasema, akalala. Mimi nikachochea. Julai yote na nusu ya Agosti ilinyesha, na bendera ikaanza kunuka moshi kama sisi.

Halafu anga likafunguka. Siku ya kwanza ya jua nilitazama Nyandarua, nikatazama lango, nikatazama ndoo ya maji iliyokuwa karibu. Sitasema zaidi.

Mkuu aliishika bendera, akaikamua kwa vidole viwili. Akatazama juu: hakuna wingu.

"Mvua hii imenyesha kwa mlingoti peke yake?"

"Huko juu, mzee, kuna hali yake."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, kama yangu, kama ya kila mtu mwaka ule.

"Mtoto ameacha kukohoa?"

"Bado kidogo."

"Basi chukua hiyo kitu uende, lango linafungwa." Nilikuwa nimeshaanza kukimbia aliponiita tena. "Na kesho lowesha kamba ya mlingoti pia. Nani ameona mvua ya kuruka kamba?"